MBWA WAO, MBWA WETU: NANI AFUNDISHWE?

Wasomaji wetu watatuwia radhi, maana wiki hii twaandika habari za mbwa. Tulikuwa tumekusudia kuandika juu ya bei ya pamba, na jambo hilo halijakwisha, litarudi katika ukurasa huu. Lakini Jumapili iliyopita tulikuwa mjini Bariadi, tumeketi na ndugu wengine katika banda la kuonyesha mpira, tukingojea saa ya mchezo. Mwenye banda akafungua stesheni ya National Geographic ili watu wasichoke kungoja. Tukayaona tuliyoyaona, na tumekuwa tukiyawaza tangu siku ile.

Kipindi chenyewe chaitwa Dog Whisperer. Kilitengenezwa Marekani tangu mwaka 2004 hata 2012, nasi tuliona marudio yake. Bwana mmoja jina lake Cesar Millan huitwa nyumbani kwa watu walioshindwa na mbwa wao. Huyu ana mbwa abwekaye usiku kucha mpaka majirani wanahama. Yule ana mbwa alalaye kitandani kwa bibi, na bwana mwenye nyumba akitaka kupanda hung'atwa. Mwingine amemvika mbwa wake koti la sufu, na mbwa amekwisha kulitafuna hilo koti, na viti, na mlango. Millan huingia, humtazama mbwa, humtazama mwenye mbwa, kisha hutoa hukumu ambayo kwa ufupi ni hii: mbwa hana kosa, wewe ndiwe wa kufundishwa.

Banda zima lilicheka. Mzee mmoja aliyekaa karibu nasi akauliza, "Mwalimu, huyo bwana analipwa kwa kazi hiyo?" Tukamjibu, "Analipwa sana, mzee." Akafikiri kidogo, akasema, "Basi mwandikieni. Mimi ninao wanne, na wote wana makosa."

Mpira ulipoanza watu waliyasahau hayo. Lakini nje ya banda, baada ya mchezo, ubishi ulizuka, na ubishi huo ndio uliotufanya tushike kalamu. Kijana mmoja aliyesoma alisema kwa sauti kubwa kwamba kipindi kile chatuonyesha jinsi wenzetu walivyostaarabika, na kwamba sisi watu wa Bariadi hatujui hata kufuga mbwa, twamlisha makombo na kumlaza nje kwenye baridi. Mwenziwe akamjibu kwamba yote yale ni upuuzi wa watu walioshiba, na mtu mzima hana haja ya kuzungumza habari za mbwa. Sisi twasema wote wawili wamekosea. Huyu wa kwanza ana kasumba. Huyu wa pili ana usingizi, na usingizi wake, kama tutakavyoonyesha, unaua watoto.

Tuanze na mwenye kasumba. Ndugu yetu huyu hakujua kwamba huyo Millan si mtoto wa tajiri. Alizaliwa mwaka 1969 katika mji wa Culiacán, nchi ya Mexico, akakua akienda shambani kwa babu yake, mahali ambapo mbwa walitembea huru na kufuata watu kazini. Alipokuwa kijana alivuka mpaka kuingia Marekani bila karatasi, akafanya kazi ya kuosha mbwa wa watu. Alichowauzia matajiri wa California ni maarifa ya mkulima maskini wa Mexico: kwamba mbwa ataka kutembea, ataka kazi, na ataka mwenzi asiyebadilika-badilika. Maarifa hayo matajiri waliyapoteza siku walipomfungia mbwa ndani ya nyumba na kumfanya mwanasesere.

Sasa mtazame mbwa wa Nkololo au wa Ngulyati. Alfajiri hutoka na ng'ombe pamoja na mchungaji, hutembea hata jioni. Fisi akija zizini usiku, yeye ndiye wa kwanza kujua. Sungusungu wakipita na marungu yao, humjua mgeni na mwenyeji kabla wao hawajawasha tochi. Mbwa huyu hana haja ya kuitiwa daktari wa huzuni. Mwenye haja hiyo ni mbwa aliyefungwa ghorofani asubuhi hata jioni, akitazama dirisha. Kijana wetu akiona aibu kwa sababu mbwa wa baba yake hana koti, basi aibu hiyo hakuipata Bariadi, aliletewa.

Hata hivyo hatukubali kila alichofundisha Millan, na hapa twaomba msomaji atufuate polepole, maana jambo lenyewe lina historia ndefu.

Pamoja na yale maarifa ya babu, kipindi kile kilihubiri kitu kingine: kwamba mbwa daima anatafuta kutawala, na kwamba mwenye mbwa sharti awe mtawala, amwinamishe, amshike shingo, amlaze chini mpaka akubali ubwana wake. Mafundisho haya ya ubwana yalitoka wapi? Mwaka 1947 mtaalamu mmoja, Rudolf Schenkel, alichapisha habari za mbwa mwitu wa nchi za baridi, wale walio jamaa wa mbwa wa nyumbani, aliowachunguza katika bustani ya wanyama ya mji wa Basel, Uswisi. Aliwaona wakipigana kugombea ukubwa, na kutoka hapo watu wakaandika vitabu na vitabu kwamba hivyo ndivyo mbwa alivyoumbwa: lazima awepo bwana, na wengine wote watumwa.

Lakini wale mbwa mwitu walikuwa wafungwa! Walikuwa wamesongamanishwa uani, hawana pa kukimbilia, hawana mawindo. Mwamerika mmoja, L. David Mech, ambaye mwaka 1970 alikuwa ameyaeneza mafundisho hayo katika kitabu chake, alikwenda kuwatazama walio huru katika visiwa vya kaskazini mwa Canada, akakuta jambo jingine kabisa. Kundi la mbwa mwitu walio huru ni familia. Wapo baba na mama na watoto wao, na baba huongoza kwa sababu ni baba, si kwa sababu alimpiga mtu. Mwaka 1999 Mech aliandika waziwazi kwamba usemi ule wa zamani haufai, na baadaye akamwomba mchapishaji aache kukichapisha kile kitabu. Mtu anayekubali kosa lake hadharani anastahili heshima, nasi twampa.

Mwaka huo huo wa 1947, hapa kwetu, serikali ya kikoloni ilianzisha Mpango wa Maendeleo ya Usukuma, makao yake Malya. Bariadi wakati ule ilikuwa sehemu ya wilaya ya Maswa. Wazee wanakumbuka. Amri ilishuka juu ya amri: punguza ng'ombe, lima matuta hivi, tia samadi vile, asiyetii atozwe faini au atiwe ndani. Bwana Shauri alimtazama Msukuma akiwa ndani ya ua wa amri, akamwona mkaidi, akaandika katika ripoti kwamba Msukuma ni mkaidi kwa maumbile yake. Hakujiuliza ua ule nani aliujenga. TANU ilipoanzishwa mwaka 1954 ikakatazwa kufanya kazi Usukuma, na katazo hilo likadumu hata 1958. Na matokeo ya ubwana wote huo? Watu walikataa, mwaka 1958 Geita ikachafuka, na nyingi katika amri zile zikaachwa. Lakini katika miaka ile ile, wakulima hao hao walioitwa wakaidi walijiunga kwa hiari yao katika vyama vya pamba, na mwaka 1955 wakaviunganisha kuwa Victoria Federation chini ya Paul Bomani, ambayo ilikuja kuwa miongoni mwa vyama vikubwa vya ushirika katika Afrika. Aliyeshindwa kuamrishwa aliweza kukubaliana.

Kwa hiyo mtu akituambia kwamba kiumbe hafundishiki mpaka alazwe chini na kushikwa shingo, sisi tuna haki ya kumtilia shaka. Hata huko Marekani walimtilia shaka. Mwaka 2006 chama cha kutetea wanyama, American Humane Association, kiliitaka National Geographic ikiondoe kipindi hicho. Mwaka 2008 madaktari wa mifugo wa Marekani wanaoshughulikia tabia za wanyama walitoa tamko wakionya juu ya mafundisho ya ubwana. Na mwaka 2012, mbele ya kamera, mbwa jike aitwaye Holly aliyekuwa akilinda bakuli la chakula chake, akasukumwa na kusukumwa, alimng'ata Millan mkono. Sisi hatufurahii damu ya mtu. Twasema tu kwamba mtu akikujia sahanini pako na kukuonyesha ukubwa, nawe ungefanya jambo. Mwingereza mmoja, Bibi Victoria Stilwell, alianza mwaka 2005 kipindi chake kiitwacho It's Me or the Dog, naye hufundisha kwa kumpa mbwa tunu anapofanya vema. Mbwa hao nao wanajifunza, wala hakuna aliyelazwa chini.

(Na walio karibu na Hifadhi ya Serengeti wajue kwamba hata mbwa mwitu wetu wa Afrika wana mkutano wao. Wataalamu waliowachunguza Botswana waliandika mwaka 2017 kwamba kundi linapotaka kuondoka kwenda kuwinda, mbwa hupiga chafya, na chafya zikitosha wote huondoka. Wakubwa wakianza, chafya chache zatosha. Wadogo wakianza, zatakiwa nyingi zaidi. Yapo mabaraza tunayoyajua ambamo mdogo hata akipiga chafya mia hasikiki.)

Bado kuna mbwa wa namna nyingine ambaye kipindi kile hakumgusa, naye ni mbwa aliyefundishwa vema kabisa kufanya uovu. Kila mji wa Afrika ya Mashariki wakijua kile kibao cha getini, "Mbwa Kali", ambacho hata lugha yake si sawasawa, kwa kuwa aliyekiandika kwanza hakujali kujifunza lugha ya aliyemwandikia. Alijali asogee mbali tu. Mwezi Mei 1963 polisi wa Birmingham, Alabama, waliwaachia mbwa vijana weusi waliokuwa wakidai haki zao. Mwaka 1998 polisi Wazungu wa Afrika ya Kusini waliwaachia mbwa wao wahamiaji watatu kutoka Msumbiji, wakaipiga picha kazi hiyo kama mazoezi, na mwaka 2000 televisheni ya huko ikaionyesha dunia. Wale mbwa walikuwa na adabu sana. Waliambiwa keti, wakaketi. Waliambiwa shika, wakashika. Basi twakubaliana na Millan katika jambo moja kubwa: ukitaka kujua tabia ya mbwa, mchunguze mwenye mbwa.

Na sasa twaomba tujichunguze sisi wenyewe, maana gazeti la chama lisilosema makosa ya wananchi ni gazeti la kupamba ukuta.

Mbwa msumbufu wa Bariadi si yule alalaye kitandani. Mbwa msumbufu wetu ni yule asiyechanjwa. Katika kijiji kimoja cha mkoa wetu twaijua nyumba iliyompoteza mtoto wa kiume wa miaka 11, mchungaji. Aling'atwa na mbwa wa jirani, jeraha dogo kwenye kifundo cha mguu. Jirani ni mtu mwema, mbwa alifahamika, hapakuwa na ugomvi. Jeraha likafungwa kitambaa. Siku ya tatu baba yake akampeleka zahanati, akaambiwa chanjo haipo, aende mbele. Mbele akaambiwa ipo lakini ni ya kununua, na sindano si moja. Akarudi kutafuta fedha, akauza mbuzi, na wakati akiuza mbuzi jeraha likapona. Nani atauza mbuzi wa pili kwa jeraha lililopona? Wiki kadhaa zikapita. Kisha mtoto akaanza kuogopa maji. Sisi tulifika nyumbani pale tukiwa na daftari la kuandikisha wanachama, tukakuta matanga. Daftari hatukulifungua.

Hicho ndicho kichaa cha mbwa. Dalili zikishatokea, dawa hakuna. Karibu kila mtu hufa. Lakini kabla ya dalili, ugonjwa huu huzuilika. Jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15, kisha mtu aende hospitali siku ile ile akachanjwe, asingoje kuona kama mbwa atakufa au jeraha litapona. Chanjo si jambo geni. Louis Pasteur alimchanja mtoto Joseph Meister huko Ufaransa tarehe 6 Julai 1885. Na tangu siku hiyo hata leo wataalamu wanakadiria kwamba Tanzania hupoteza watu wapatao 1,500 kila mwaka kwa ugonjwa huu, na dunia nzima watu 59,000, wengi wao watoto wa vijijini katika Afrika na Asia. Mtoto wa tajiri wa California hafi kwa kung'atwa na mbwa wa nyumbani. Mbwa wake analia usiku tu.

Na tusidanganywe kwamba haiwezekani. Mwaka 1994 ugonjwa mwingine wa mbwa uliingia kwa simba wa Serengeti ukaua karibu theluthi moja yao, kiasi cha simba 1,000. Dunia ikashtuka. Kutoka hapo, na hasa tangu mwaka 2003, mbwa wa vijiji vinavyopakana na hifadhi walichanjwa bure mwaka baada ya mwaka, dhidi ya ugonjwa ule wa simba na dhidi ya kichaa pia. Kazi hiyo ilifanywa na watu wema, Watanzania na wageni, wala hatuwalaumu hata kidogo. Waliokoa roho za watu. Tunachouliza ni hiki: mtoto wa kijiji kilicho mbali na mpaka wa hifadhi amekosa nini? Je, na yeye angojee mpaka simba afe karibu yake?

Pemba hawakumngoja simba. Kisiwani huko kampeni ya kuchanja mbwa ilianza mwaka 2010, na kufikia 2014 kichaa kilikuwa kimekwisha. Mwaka 2016 kikarudi, kimeletwa kutoka nje. Watu wakachanja tena, wakafuatilia kila aliyeng'atwa, na mwaka 2018 wakakimaliza mara ya pili. Kipimo ni kimoja kila mahali: katika kila mbwa 100 uchanje 70, kila mwaka, na ugonjwa hukosa pa kupita.

Zipo halmashauri zinazopenda njia nyingine. Kelele zikizidi, hutumwa bunduki. Mbwa hupigwa risasi njiani mchana mbele ya watoto, mizoga huhesabiwa, taarifa hupelekwa juu kwamba tatizo limeshughulikiwa. Twasema hiyo si kazi, ni hasira iliyopewa posho. Mbwa wengi wanaozurura katika vijiji vyetu si wa porini, wana wenyewe, na wachunguzi waliotembea nyumba kwa nyumba kaskazini mwa nchi yetu wamethibitisha hilo. Ukimwua mbwa wa mtu, atachukua mtoto wa mbwa kwa jirani kabla mwezi haujaandama, na huyo mdogo hana chanjo. Mwezi uliofuata umerudi ulipoanzia, na risasi umepoteza. Mpiga risasi ana mafundisho yale yale ya ubwana, ila yeye hana subira ya Millan.

Nasi wananchi tusijitoe. Ni nani anayemrushia mbwa jiwe kila apitapo, kisha akashangaa mbwa akiwa mkali? Ni nani ana mbwa wanne na hajui siku waliyochanjwa? Yule mzee wa banda tulimwuliza. Alisema hawajapata kuchanjwa hata mmoja, maana siku gari lilipokuja hakuna aliyemwambia, na mwaka uliofuata gari halikuja. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ipo tangu mwaka 2008. Twadhani mzee hajasikia habari zake, na hilo ni kosa letu sisi tuliosoma na tunaopita vijijini kwa baiskeli na pikipiki tukihutubia juu ya kila kitu isipokuwa hiki.

Basi waheshimiwa madiwani wa Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega watakapokaa kuzungumza bajeti, wafungue vitabu watuonyeshe mstari wa chanjo ya mbwa. Kama upo, usomwe hadharani, na kiasi chake kitajwe. Kama haupo, uandikwe. Na zahanati isiyo na chanjo ya mtu iandikiwe kwamba haina, kwa barua, ili asiwepo wa kusema hakuambiwa. Mwaka 2030 ndio ambao Shirika la Afya Duniani na mashirika wenzake wameuweka kuwa mwisho wa watu kufa kwa kichaa cha mbwa. Miaka haitoshi kwa mtu anayeanza na kamati.

Kwa upande wetu, daftari zimekwisha gawiwa kwa mabalozi wa mashina. Safu ya kwanza ni jina la mwenye nyumba, ya pili ni idadi ya mbwa, ya tatu ni mwaka waliochanjwa mara ya mwisho. Safu ya tatu, katika kurasa zilizokwisha kurudi kutoka Dutwa, karibu yote ni tupu. Zile nyingine zirudishwe tawini kabla ya siku ya gulio, na yeyote aliye na mbwa ambaye hakuandikwa asione haya kuja mwenyewe. Yule mzee ameandikwa wa kwanza, mbwa wanne.